Bingwa Hafunguliwi

Mimi maisha yangu yote ya kazi nimelipwa kuvunja vyuma. Sikuvunja kwa hasira, wala sikuuza chuma chakavu. Nilivunja tu, kwa mshahara na chakula cha mchana. Katika maabara ya vyuma ya kinu chetu cha nyuklia, hapa Dolni Brod ukingoni mwa mto Danubi, palikuwa na nyundo yenye mkono mrefu, inaning'inia kama ile ya ndani ya saa ya kanisa. Unaiinua, unaweka kijiti cha chuma mahali pake, unaiachia. Ilipopiga, korongo waliokuwa wameatamia juu ya paa la kantini walishtuka wakahamia ng'ambo, upande wa Rumania, wakaangua huko, na vifaranga wao mpaka leo wanalia Kirumania. Asiyeamini avuke akawasikilize.

Vijiti vyenyewe havikuwa vya kushika kwa mkono. Vilikuwa vimekaa miaka ndani ya kinu, vimekunywa mionzi mpaka vimelewa, kwa hiyo nyundo ilikuwa nyuma ya ukuta wa madini ya risasi na mimi niliiendesha kwa mikono ya chuma, nikichungulia kwenye dirisha la kioo kizito cha rangi ya manjano. Kwa mikono ile niliweza kutia uzi kwenye sindano. Mara moja nilimnyoa nzi ndevu. Lakini tuyaache hayo.

Kinu kina chungu. Ni chungu kweli, cha chuma cha pua, kirefu kuliko nyumba yangu, na ukuta wake ni mnene kuliko upana wa kiganja. Ndani yake ndimo moto wa nyuklia unamokaa, pamoja na maji ya moto yaliyobanwa kwa nguvu ya kutisha. Sasa, mionzi hukizeesha chuma. Chuma kijana ukikipiga kinapinda. Kikizeeka, kikiwa cha moto bado kinapinda, lakini kikipoa kinakatika ghafla, bila kukuonya, kama biskuti. Na siku ya hatari, bomba likipasuka mahali fulani, jambo la kwanza tunalofanya ni kumimina maji baridi ndani ya chungu hichohicho. Umewahi kumwaga maji ya bombani kwenye glasi iliyotoka kunywewa chai? Basi umeelewa kazi yetu yote.

Chungu huwezi kukipiga nyundo ili ujue kama kitavunjika. Kwa hiyo hutundikwa vijiti ndani yake tangu siku ya kwanza, vizeeke pamoja nacho. Baada ya miaka tunavitoa, tunavivunja, vingine vya moto, vingine vya baridi, na tunajua chungu kimefika wapi. Ndivyo ilivyotakiwa.

Mkuu wa maabara alikuwa mhandisi Raina Kutsarova, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye alivuta sigara dirishani na kukausha soksi za wanawe kwenye tanuri ya vipimo. Bila sahihi yake, kinu hakiwashwi. Sheria ilisema hivyo, na sheria hiyo hakuna aliyeitilia maanani mpaka majira ya kuchipua yale ninayotaka kuwasimulia.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa na mgao wa umeme. Taa zinawaka kidogo, zinazimika, zinawaka. Kinu chetu kilikuwa kimezimwa ili kibadilishiwe mafuta ya nyuklia, na kila mtu kuanzia waziri hadi muuza mbegu za alizeti stendi alikuwa anasubiri kiwake baada ya Pasaka. Tulitoa vijiti. Nikavivunja. Vyote vikatoka safi kabisa: vinapinda pale vinapotakiwa kupinda, na hata vya baridi vilijitahidi. Mkurugenzi wetu, Lyuben Mihnev, alikuja maabara na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda, kwapani.

"Mzee Kancho," akaniambia, "leo nakupenda kuliko mke wangu."

"Mke wako anajua, bwana mkurugenzi?"

"Anajua kwamba sijui kuchagua." Akacheka, akageuka. "Haya, Raina, dada yangu. Tia sahihi, tunywe."

Raina alikuwa ameupa mlango mgongo, anaangalia namba. "Vinafanana mno," akasema.

"Nini?"

"Vijiti. Kila kimoja ni pacha wa mwenzake. Chuma hakiko hivyo, Lyuben. Ukivunja vijiti kumi vya mshono, pale vyuma viwili vilipochomelewa, kimoja kinakuwa shujaa, kimoja kinakuwa mwoga, vingine vinatawanyika katikati. Hivi vinaimba kwaya."

"Si ndiyo vizuri?"

"Vizuri kwa kwaya. Nimeuliza vilikatwa wapi. Vyote vimetoka kwenye pete moja ya juu, chuma safi kisichoguswa na moto wa kuchomelea. Na chungu chetu hakikutengenezwa kwa pete moja. Ni pete zimechomelewa, na mshono mmoja unapita tumboni kabisa, umetazamana na moto wenyewe. Mshono huo una uchafu wake, una historia yake, na haukutundikiwa kijiti hata kimoja. Waliojenga walisahau, au waliona haya."

Mihnev akaweka chupa mezani. Hakuwa mjinga, nisije nikamsingizia. Alikuwa mhandisi mzuri aliyechoka kupigiwa simu. "Unataka nini?"

"Nishushe mashine ndani, nikwangue kipande kutoka kwenye mshono. Kidogo tu, kama ganda la chungwa."

"Kwa hiyo nitoboe chungu ili unithibitishie kwamba hakina tundu!"

"Sitoboi, nakwangua. Ukuta ule hata hautajua."

"Wizara itajua! Kukwangua ni wiki, kupima ni wiki, na ukipata jibu baya? Eh? Ukipata jibu baya, dada, tunafanya nini?"

"Tunakuwa tumelijua."

Akachukua chupa yake, akafika mlangoni, akasema bila kugeuka, "Jumanne baada ya Pasaka anakuja profesa kutoka Sofia. Ana kalamu nzuri sana. Kama hujatia sahihi mpaka hapo, yeye ndiye mkuu wa maabara, na wewe unakwenda kuhesabu mabomba stoo. Na usithubutu kwenda kulialia kwenye magazeti."

"Nikilia utanisikia ukiwa huku huku," Raina akamjibu.

Hapo ndipo mji ulipomgeuka. Kinuni taa ziliwaka mchana kutwa, mjini giza, na ilikuwa imevuja kwamba ni mwanamke mmoja tu anayekataa kutia sahihi. Nilikuwa naye kwenye foleni ya mkate kwa Tsona, mama mwenye duka, ambaye friji yake ilikuwa imemwozeshea jibini mara tatu mwezi ule.

"Mkate umekwisha," Tsona akasema Raina alipofika mbele.

"Na ile pale nyuma yako?"

"Ile ni ya watu wanaotaka taa."

Foleni ikacheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mpe mshumaa ale!"

"Basi nipe wa jana," Raina akasema.

"Wa jana ni mgumu."

"Vitu vigumu ndiyo kazi yangu, mama Tsona." Akapokea ule mkate mkavu, akaugonga ukingoni mwa kaunta mbele yao wote. Ukakatika vipande viwili, pa! makombo yakamrukia Tsona kifuani. "Jana ungepinda," Raina akasema. "Mkate ni ule ule. Umekaa tu. Mnataka niwaambie chungu kiko sawa kwa sababu jana kilikuwa sawa?"

"Mimi nataka nipike chakula cha wajukuu wangu," Tsona akasema, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Na mimi nataka wajukuu wako wawe na mji wa kulia hicho chakula. Sema bei ya mkate." Akalipa, akatoka na vipande vyake viwili. Hakuna aliyempisha mlangoni. Akapita vivyo hivyo, mabega mbele.

Nilimwambia njiani, "Mhandisi, Jumanne wanakuondoa. Kwa nini usitie sahihi, halafu uombe kipande mwakani?"

Akasimama. "Mzee Kancho, nyundo yako huwa unaiachia nusu?"

"Haiwezekani kuachiwa nusu."

"Basi usiniombe."

Pasaka ikafika. Kwetu, Alhamisi Kuu kila nyumba inachemsha mayai na kuyapaka rangi nyekundu, na Pasaka yenyewe mnagonganisha. Wewe na yai lako, mimi na langu, ncha kwa ncha, "Kristo amefufuka!" "Kweli amefufuka!" Lililopasuka linaliwa papo hapo na chumvi. Lisilopasuka linaendelea kwa mwingine. Na lile la mwisho, lililovunja yote na lenyewe zima, ndilo bingwa: haliliwi. Linawekwa kabatini mwaka mzima kama ulinzi wa nyumba. Na kabla ya shindano kila mtu analichagua lake kwa kuligongagonga kwenye meno, anasikiliza sauti. Mimi nilikuwa na jino moja la dhahabu lililosikia ufa kutoka chumba cha pili.

Kinuni tulifanya hivyo Jumatatu ya Pasaka, saa ya chakula, kantini nzima. Na kwa miaka mitano mfululizo bingwa alikuwa Mihnev. Mayai yake matano yalikaa ofisini ndani ya kabati la kioo, juu ya pamba, yamepangwa kama medali za jenerali.

Mwaka ule alishuka na yai dogo jekundu lililokolea, analishika kwa vidole viwili. La kwangu lilipasuka kwanza. Nililimenya kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa nimemlisha yule kuku aliyelitaga chokaa tangu Krismasi. Likafuata la Filka, mwendesha kreni, mwanamke mwenye mikono kama makasia, ambaye ndiye aliyekuwa anaunyanyua mfuniko wa chungu na kuurudisha. Yakafuata ya welda, ya wapishi, ya walinzi. Meza zilijaa maganda mekundu. Mihnev akapanda kwenye benchi, uso umewiva kwa rakia, akaliinua yai.

"Ona, Raina! Limepigwa na kantini nzima na halina ufa! Hiki ndicho chungu chetu! Hivi ndivyo vijiti vyako vilivyosema. Vitu imara vipo duniani, ila wewe huvipendi!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walimtazama Raina, aliyekuwa amekaa peke yake mwisho wa meza, hajagonganisha na mtu. Akazima sigara yake.

"Lifungue," akasema.

"Nini?"

"Yai. Lifungue tulione."

Nilisikia bomba linadondosha tone jikoni.

"Bingwa hafunguliwi," Mihnev akasema, kama mtu anayemkumbusha mtoto asiguse jiko.

"Ndiyo. Miaka yote tunafungua yaliyoshindwa, tunayala, tunajua ndani yana nini. Lile linaloshinda tunaliweka juu ya pamba." Akasimama. "Kesho unanitoa. Sawa. Mimi nakupa hivi: likiwa yai la kuku, naondoka leo, sipeleki malalamiko Sofia, sifungui mdomo, na kwenye mabomba yako nakwenda naimba. Lisipokuwa la kuku, kesho asubuhi Filka anashusha mashine yangu."

"Umelewa?"

"Mimi ndiye pekee humu ambaye hajalewa."

"Upuuzi! Mambo ya kinu hayaamuliwi kwa mayai!"

"Wewe ndiye uliyepanda benchi na yai, Lyuben."

Mtu mmoja upande wa welda akaguna kicheko. Mihnev akalifunika yai kwa kiganja, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu kantini nzima iliona namna alivyolifunika.

"Fungua!" akasema welda mmoja.

"Fungua! Fungua!" Vijiko vikaanza kugonga meza. Mimi niligonga kwa sahani.

Filka akainuka, akajipangusa midomo taratibu. "Bwana mkurugenzi," akasema, "mfuniko wa chungu umelala sakafuni, na anayejua kuurudisha bila kuukwaruza ni mimi. Yai hilo lisipofunguliwa, mfuniko unalala hapo hapo. Profesa kutoka Sofia aje aubebe kwa kalamu yake."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze. Kreni haijui jina lako."

Mihnev akatazama huku na huku akitafuta uso wa kumtetea. Akashuka kwenye benchi, akaliweka yai mbele ya Raina kwa nguvu, na halikupasuka hata kwa hilo. Raina akachukua kijiko cha supu. Akapiga mara ya kwanza: ting! Mara ya pili kijiko kikajikunja, na hili siongezi chumvi, kijiko ninacho nyumbani. Mara ya tatu likakubali. Akachukua kisu, akakwangua rangi nyekundu kwenye ganda. Chini yake palikuwa na rangi ya kahawa isiyokolea, na madoadoa madogo madogo. Ganda lenyewe lilikuwa nene kama kifungo cha koti.

Filka akainama. "Mama yangu! Hili ni la kanga! Bibi yangu alikuwa anawafuga. Kanga, watu!"

Nimesikia vicheko vingi, nimekwenda jeshini na nimeoa mara mbili, lakini kicheko kile kilivunja vioo viwili na kumwamsha padri kwenye parokia ya jirani. Mpishi alikaa sakafuni. Mihnev alisimama katikati, masikio mekundu kuliko mayai.

"Kanga naye ni ndege!" akafoka.

"Ni ndege, ndiyo," Raina akasema. Yeye peke yake hakuwa anacheka. "Na ile pete ya juu nayo ni chuma. Lakini mimi sikuulizwa habari za kanga, Lyuben. Nimeulizwa habari za kuku. Mji huu umekaa juu ya kuku."

Vicheko vikaisha kidogo kidogo, meza moja baada ya nyingine, kama taa za mgao. Mihnev akalichukua lile ganda, akalipima unene kwa vidole. Kisha akasema kwa sauti ya mtu mwingine, "Saa moja asubuhi. Na ukikwangua zaidi ya ganda la chungwa, nitakukwangua wewe."

Tulipokuwa tunarudi maabara nilimuuliza, "Ulijuaje? Ulimwona mtu anamletea?"

"Sikumwona mtu."

"Basi umecheza kamari na kazi yako!"

"Kamari ni yako na jino lako. Fikiri, mzee. Miaka mitano, mayai ya watu wazima mia mbili, yeye hajapasukiwa hata mara moja. Yai la kuku leo shujaa, kesho mwoga. Kitu kisichotawanyika hata kidogo sicho kile unachoambiwa ni chenyewe." Akawasha sigara. "Ni vile vijiti vilivyonifundisha. Niliviangalia wiki nzima, halafu nikapanda ofisini kwake, nikaona kabati."

Asubuhi Filka alishusha ile mashine ndani ya chungu taratibu kama anamlaza mtoto. Profesa kutoka Sofia alifika mchana, amevaa koti zuri, kalamu imechungulia mfukoni. Raina hakubishana naye. Alimpa kiti mbele ya dirisha langu la manjano, na siku zile zote za kukata kipande kile kuwa vijiti vidogo alimwachia akae hapo hapo, awe wa kwanza kuona.

Kijiti cha kwanza kilikuwa cha moto. Niliinua nyundo, nikaiachia. Kikapinda, kikachanika kwa shida. Profesa akatikisa kichwa kushoto na kulia, kwetu hiyo ni ndiyo. Cha pili hakikuwa cha moto wala cha barafu, kilikuwa na joto la chumba kile tulichokaa. Nyundo ilipita kama hapakuwa na kitu. Nusu mbili ziliruka zikagonga ukuta wa risasi. Nikazileta karibu na kioo kwa mikono ya chuma, nikazigeuza. Mahali palipokatika palikuwa bapa, panang'aa chembechembe kama sukari.

Profesa akaitoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Hicho ni kimoja," Mihnev akasema nyuma yetu. Sikujua alikuwa ameingia.

"Vunja vyote, mzee Kancho," Raina akasema. Nikavivunja. Vilitawanyika, kimoja shujaa, vingine waoga, kama mayai ya kuku. Lakini hata shujaa wao hakuwa wa kumwagiwa maji baridi.

Chungu hakikutupwa. Ilishushwa tanuri ya duara mpaka tumboni, mshono ukaokwa mchana na usiku mpaka chuma kikarudisha ujana wake, na yale maji ya dharura yakawekewa hita ili siku yakihitajika yasiingie baridi. Kinu kiliwaka majani yalipoanza kudondoka. Kiangazi kizima mji ulikaa na mgao, na kiangazi kizima Tsona alimuuzia Raina mkate wa jana. Raina aliupokea kila siku, akasema asante mama Tsona, na hakuomba wa leo hata mara moja. Stoo ya mabomba hakuiona. Sahihi yake aliitia siku ile kinu kilipowaka, kubwa, imejaa ukurasa.

Pasaka iliyofuata Mihnev alishuka kantini na yai jeupe la kuku lililopakwa rangi ovyo, mtu angeweza kulitambua toka mlangoni. Likapasuka kwa Filka, mara ya kwanza tu. Alilimenya akala akinung'unika, na nadhani lilimnogea. La Raina ndilo lililobaki. Lilivunja la Filka, la welda, la kwangu pamoja na chokaa yangu yote. Watu wakaanza kushangilia, mtu akatafuta pamba.

Raina akaligonga bingwa wake ukingoni mwa meza, akalimenya, akatia chumvi.

"Unafanya nini!" Mihnev akapiga kelele. "Bahati ya mwaka mzima!"

Akatafuna, akameza, akamsogezea maganda ayaone.

"La kuku," akasema.